Mabegi ya mkononi au valizi ya chini? Hesabu ya familia moja ya Lubumbashi

Mama mkwe wangu alisimama mlangoni, akayatazama mabegi matano yaliyopangwa barazani, akauliza: “Munaenda wapi na tubegi tudogo hivi? Munakimbia deni?”

Kwake safari ni valizi: kubwa, haifungiki mpaka mtoto aikalie, na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mshikio ili itambulike kwa mbali. Sikumcheka. Miaka miwili na ushee kabla ya hapo tulikuwa tumesafiri hivyo hivyo kwenda Dar es Salaam, na valizi mbili za kilo 23 kila moja, na kitambaa chekundu pia tulikuwa nacho. Safari hii tulikuwa tunakwenda Zanzibar siku 10, likizo kubwa ya mwezi wa saba, na tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna kitakachoshuka tumboni mwa ndege. Kila kitu mkononi au mgongoni, kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, mpaka kitandani.

Tuko watano: mimi, mume wangu, msichana wa miaka 11, mvulana wa miaka 7, na kitinda mimba aliyekuwa ametimiza miaka 2 wiki chache tu kabla ya kuondoka. Njia zote mbili nimezionja na familia hii hii, isipokuwa kitinda mimba ambaye mara ya kwanza hakuwepo, na watoto wenye njaa saa zilezile. Niseme mapema kwamba sikuishia upande mmoja.

Kilo na dola

Tuanze na pesa, maana ndiyo sababu watu wanayoitaja kwanza, na kwetu Lubumbashi ndiyo iliyo dhaifu. Tiketi nyingi zinazotoka Luano kwenda nchi nyingine za Afrika zina valizi ya kilo 23 ndani ya bei, nyingine hata mbili. Ukiiacha nyumbani, hakuna anayekurudishia hata faranga moja. Anayekuambia mabegi ya mkononi yataokoa pesa anazungumzia njia za watu wengine.

Hesabu inageuka pale unapounganisha na ndege za bei ndogo. Afrika Kusini, kwa mfano, FlySafair wanauza tiketi yao ya chini kabisa ikiwa na begi la mkononi la kilo 7 peke yake, valizi inalipiwa kando. Familia inayotoka hapa, ikashuka Johannesburg na kupanda ndege ya pili kwenda Cape Town, inaweza kukuta valizi zilizokuwa bure asubuhi zinadaiwa pesa jioni, kwenda na kurudi. Kwa hiyo soma kanuni za ndege iliyo kali kuliko zote katika safari yako. Ndiyo itakayowapimia.

Ethiopian, wanaoiunganisha Lubumbashi na Zanzibar kupitia Addis Ababa, wanamruhusu abiria wa daraja la kawaida begi moja la mkononi la kilo 7, lisilozidi sentimita 55 kwa 40 kwa 23. Kenya Airways wanafika kilo 12. Tofauti ya kilo 5 inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa watu watano: kilo 25, yaani valizi nzima iliyojificha ndani ya mabegi. Sisi tulikuwa na 7. Mara watu watano, kilo 35, zilizoandikwa vizuri kabisa kwenye karatasi. Mtoto aliyetimiza miaka 2 analipiwa kiti chake, na kiti hicho kinamletea kilo zake 7. Sasa nani anazibeba?

Hesabu mikono

Watu watano wana mikono 10. Anza kupunguza. Ya kitinda mimba yote miwili iko shingoni mwa mtu. Anayembeba amepoteza mmoja. Mvulana wa miaka 7 lazima ashikwe kwenye umati, kwa hiyo mmoja wake na mmoja wa anayemshika umekwenda. Mwingine unashika pasipoti, karatasi za kupandia ndege na kadi za njano za chanjo (ambazo tangu 2016 hazina tena mwisho wa miaka 10, usikubali kuchanjwa upya bure), na mkono huo haubebi kitu kingine. Nasema hivyo kwa sababu tulijaribu. Mnabaki na mikono minne. Mitatu, ikiwa msichana mkubwa ameamka vibaya.

Valizi mbili kubwa zinakula miwili papo hapo. Na hakuna mzazi anayekabidhi valizi akabaki mikono mitupu: kuna nepi, maji, biskuti, sweta, dawa ya homa. Nilichelewa kuliona jambo hili. Valizi ya chini haiondoi mabegi ya mkononi, inakuja juu yake. Tulipokwenda Dar es Salaam tulikuwa na valizi mbili pamoja na vibegi vinne, na kutoka mlango wa uwanja mpaka teksi mume wangu alikwenda na kurudi mara mbili huku mimi nikilinda rundo.

Lakini haki itendeke. Kati ya kaunta ya kuondokea na mkanda wa kupokelea, valizi hazimsumbui mtu. Saa zote za kusubiri ndege ya pili unatembea huru. Siku ya mabegi ya mkononi niliutamani uhuru huo: pale Addis tulikwenda msalani kwa zamu kama walinzi wa usiku, kwa sababu mabegi matano hayaachwi peke yake, na mtoto wa miaka 2 hasubiri zamu. Kama kusubiri kwenu ni saa nane au kumi katikati ya safari, jambo hili lipime vizuri. Letu lilikuwa saa tatu, likavumilika.

Valizi iliyobaki njiani

Kwenda Dar es Salaam tulipanda ndege mbili. Tulipofika, mkanda ulizunguka, watu wakachukua vyao, wakaondoka, mkanda ukaendelea kuzunguka na valizi moja tu yenye kitambaa chekundu. Ya pili ilikuwa imebaki tulikobadilishia ndege.

Iliyofika ilikuwa na viatu vya watu wazima, zawadi za wenyeji wetu, na suti ya mume wangu ambayo hakuivaa hata siku moja. Nguo zote za watoto zilikuwa katika ile nyingine. Kitinda mimba wakati huo hakuwa amezaliwa bado, lakini mvulana alikuwa na miaka 5, akalala usiku wa kwanza ndani ya fulana ya baba yake iliyomfika kwenye vifundo vya miguu, akafurahi kweli. Mimi sikufurahi. Asubuhi nilikwenda kununua suruali mbili, chupi na kandambili kwa pesa iliyokuwa ya matembezi. Valizi ilifika siku ya tatu.

Kosa lilikuwa la kampuni, lakini lingine lilikuwa langu: nilipanga valizi kwa mpangilio wa kabati, wakubwa huku, watoto kule. Ukichagua valizi za chini, changanya. Kila valizi iwe na seti mbili za nguo za kila mtu, ili moja ikipotea msibaki uchi. Na isipofika, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla hujaandikiwa karatasi ya taarifa yenye namba. Kwa safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, madai ya mzigo ulioharibika yanapelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Weka risiti za ulichonunua.

Safari ya pili, Zanzibar, tulitoka mlangoni wakati watu wa ndege yetu bado wanatafuta toroli. Huo ndio ushindi wa wazi wa begi la mkononi, na kwa mtu mwenye watoto waliolala nusu saa tu usiku kucha, nusu saa nyingine ya kusimama kando ya mkanda ina bei.

Mgongo au magurudumu

Ukishakubali kwenda na mabegi ya mkononi, unaingia kwenye mabishano mengine. Wengi watakuambia begi la mgongoni, na kwa kilo wana haki. La mume wangu tupu lilipima chini ya kilo moja. Valizi ndogo ya magurudumu, tupu, ilipima karibu kilo 3. Kati ya kilo 7 ulizopewa, karibu nusu umezitoa kwa plastiki na vyuma kabla hujaweka hata soksi.

Ila wanaotoa ushauri huo hawabebi mtoto mgongoni. Mimi nabeba. Kitinda mimba akisinzia anaingia kwenye kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, kikwembe kinafungwa, na mgongo wangu umeshapangishwa. Begi ningelivaa wapi? Nilijaribu nyumbani, mtoto nyuma, begi mbele. Sikuweza kuiona miguu yangu mwenyewe kwenye ngazi, na mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini.

Basi tukagawana hivi: baba na watoto wawili wakubwa mabegi ya mgongoni, mimi valizi ndogo ya magurudumu, na begi la mtoto, laini, la kitambaa, likaning'inizwa juu ya mshikio wa valizi hiyo. Mkono mmoja ukavuta mabegi mawili, mgongo ukabeba mtoto, na mkono wangu wa pili ukamshika mvulana. Baba akabaki na mmoja wa hati na mmoja wa dharura. Kwa familia yenye mtoto wa kubebwa sijaona mpangilio unaoushinda huu. Kama watoto wenu wote wanatembea, achana na magurudumu.

Magurudumu yalinilipa Luano, yakanilipa Addis, yakanisaliti Mji Mkongwe. Teksi inakushusha pembeni, kisha unaingia kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti, mawe yamepinda, kuna mifereji midogo katikati ya njia, na valizi inapiga kelele kama mkokoteni wa chupa. Watu walitoka milangoni kutazama. Pwani, kwenye mchanga, hayana kazi kabisa: unaibeba valizi kama mtoto wa nne.

Kuhusu watoto kubeba: ushauri unaotolewa kwa mikoba ya shule ni kwamba mtoto asibebe zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mvulana wetu ana kilo 22. Kwake ni kilo 2 na kidogo, 3 zikiwa nyingi. Begi lake likapata fulana tatu, kaptula, chupi, kitabu cha kupaka rangi. Msichana alibeba kilo 5. Baba 7, mimi 7 pamoja na uzito wa valizi yenyewe, begi la mtoto 5. Jumla kilo 26 na ushee. Zile 35 za karatasi zilibaki kwenye karatasi.

Tulipima kwa mizani ya kuning'iniza ya jirani anayeuza samaki wakavu. Inapima vizuri sana. Begi la mvulana lilinuka ndakala mpaka Addis.

Baridi ya hapa, joto la kule

Mwezi wa saba asubuhi Lubumbashi ni baridi ya kutoa moshi mdomoni. Addis Ababa, juu ya mita 2,300, iko katikati ya msimu wa mvua. Zanzibar ni jua na upepo wa kusi. Hali tatu za hewa katika siku moja, na hapo ndipo valizi kubwa inapoanza kunong'ona: niweke na koti, niweke na blanketi.

Mwilini hakupimwi. Kila mtu aliondoka amevaa jinzi yake moja, viatu vyake vizito na sweta. Nilizipima nguo kwa udadisi tu: jinzi ya mume wangu ni gramu 700, sawa na fulana nne za pamba. Akivaa moja na kuacha ya pili nyumbani, ameshapata nafasi ya nguo za siku nne. Alilalamika. Hakuigusa jinzi kuanzia tulipofika mpaka asubuhi ya kurudi.

Ndani ya mabegi kila mmoja alikuwa na seti tatu za nguo nyepesi, moja ya kulalia, moja ya kuogelea, na kandambili. Mimi niliongeza vikwembe viwili. Kama kuna kitu kimoja cha kwetu kinachoshinda vifaa vyote vya wasafiri, ni hicho. Kilikuwa kitambaa cha kumbebea mtoto, shuka la ndege, pazia la dirisha chumba kilipoingiwa na jua saa kumi na mbili asubuhi, taulo la pwani lililokauka kabla hatujafika nyumbani, na nguo ya kujisitiri nilipopita Mji Mkongwe, mahali ambapo mgeni mwenye adabu hufunika mabega na magoti. Taulo moja zito la bafuni linachukua nafasi ya vyote viwili, na linabaki na unyevu siku nzima.

Vimiminika ndivyo vinavyoumiza upande wa mkononi. Kanuni ya chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha, ilianza 2006 baada ya njama ya kulipua ndege zilizokuwa ziondoke Uingereza. Kanuni hiyo inahesabu vitu ambavyo jikoni hatuviiti maji: dawa ya meno, mafuta ya kujipaka ya mgando, siagi ya karanga. Maziwa ya mtoto na dawa anayoihitaji njiani vinaruhusiwa kuzidi, mradi uvitoe na kuvionyesha. Sabuni ya kipande si kimiminika. Tulikwenda na kipande kimoja cha kuogea na kimoja cha kufulia, basi.

Mama mkwe, bila kutuambia, alikuwa ameficha katikati ya nepi chupa ya nusu lita ya mawese na kopo la pilipili ya kusaga, ati huko pwani tutakula nini. Mashine iliviona. Mkaguzi alivitoa kimoja kimoja, akaviweka mezani, akanitazama kwa huruma ya mtu ambaye naye ana mama mkwe. Vilibaki pale. Katika valizi ya chini vingefika, labda vikiwa vimeloanisha suti. Viwavi wakavu aliotuwekea walipita bila neno, kwa sababu ni wakavu na ni wepesi, ingawa vyakula vya aina hiyo ujiandae kuviulizwa na watu wa kilimo unapoingia nchi nyingine.

Vitu vingine viwili vidogo. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 mwezi wa sita 2019, Zanzibar ilikuwa imeshatangulia, na wageni wanahusika. Ule mfuko wa kufungika wa vipodozi unaruhusiwa mradi uondoke nao, lakini usifungie nguo kwenye mifuko ya dukani. Tulitumia foronya. Na plagi: za hapa kwetu ni za vijiti viwili vya mviringo, Zanzibar utakuta matundu matatu ya mstatili kama ya Waingereza. Adapta moja na kamba yenye matundu mengi inatosha familia nzima.

Betri ya kuchajia simu lazima iwe mkononi, hairuhusiwi kwenye valizi ya chini hata kidogo. Mpaka saa-wati (Wh) 100 hakuna ruhusa ya pekee inayohitajika. Betri ya mAh 20,000 ni kama saa-wati 74. Hili linakuhusu hata ukienda na mabegi ya mkononi peke yake, kwa sababu ndege ikijaa wanaweza kulichukua begi lako mlangoni na kulishusha chini. Walinifanyia hivyo na valizi ya magurudumu wakati wa kurudi. Nilikuwa na dakika moja ya kutoa betri, dawa na chupi za mtoto mbele ya foleni nzima. Viweke juu kabisa, ndani ya mfuko mmoja wa kuchomoka.

Nani anafua?

Hapa wanaosifu mabegi madogo hunyamaza. Seti tatu kwa siku 10 maana yake ni kufua kila jioni ya pili, kwa watu watano. Zanzibar hewa ina unyevu: fulana nyepesi ya kitambaa cha mchezo inakauka usiku mmoja, ya pamba nzito inaamka bado mbichi, kaptula ya jinzi inataka siku mbili na inaanza kunuka. Lubumbashi mwezi huo ungeanika asubuhi ukaanua saa sita, vumbi tu ndilo lingekusumbua. Kwa hiyo chagua nguo kwa kukauka kwake kwanza, uzuri baadaye.

Usiku wa kwanza nilifua mimi. Usiku wa pili nilifua mimi. Wa tatu nilimwambia mume wangu kwamba zile valizi mbili alizofurahi kuziacha nyumbani zimegeuka kuwa beseni, na beseni liko mbele yangu. Akafua yeye na msichana, mpaka mwisho. Kama nyumbani kwenu kazi hiyo itamwangukia mtu mmoja, au mnakofikia maji ni ya shida, valizi ya kilo 23 ni nafuu kuliko likizo ya mama kwenye beseni.

Nepi nazo zinahesabiwa. Kwa mtoto wa miaka 2 nilichukua za siku mbili, zilizobaki nilinunua kule, eneo la soko la Darajani, bila taabu. Kwa mtoto wa miezi sita anayekunywa maziwa ya kopo la aina moja tu, nisingejaribu.

Zawadi

Mkongomani hasafiri akarudi mikono mitupu. Ukishuka ndegeni mtaa mzima unajua, na swali ni moja. Mabegi ya mkononi yaliyojaa wakati wa kwenda hayana jibu.

Jibu letu lilikuwa begi moja jembamba la nailoni linalokunjwa likawa kama ngumi, gramu 300, chini ya begi la baba. Wakati wa kurudi tulilijaza: kanga, ambazo zinauzwa kwa jozi na jozi moja ilikaribia nusu kilo, karafuu, mdalasini, iliki, viatu vya ngozi vya baba mkwe, na nguo zetu chafu zikawa pamba ya kuzuia visivunjike. Tukalikabidhi kaunta, kwa sababu zile kilo 23 tulikuwa tumeshazilipa ndani ya tiketi. Likichelewa, sawa. Tunarudi nyumbani kwenye makabati yetu, hakuna mtoto atakayelala na fulana ya baba yake. Mzigo kuchelewa unauma sana unapokwenda, unauma kidogo unaporudi, na sijui kwa nini ilinichukua safari mbili kuliona hilo.

Kwa hiyo, kwa safari ya pwani ya wiki moja au mbili, ndege mbili, nyumba yenye maji na watoto wanaokula chakula cha kila mtu, nenda na mabegi ya mkononi, rudi na moja chini. Mnakwenda kwa ndugu watakaowaweka mwezi mzima, na kila shangazi wa Katuba, mtaa wa hapa kwetu, amekupa kifurushi cha kupeleka? Valizi, wala usijitese. Mtoto mchanga, valizi. Ulaya wakati wa baridi, valizi.

Harusi ni jambo la pekee. Sare ya kitambaa kwa watu watano, viatu vyake, kofia ya baba, zawadi ya maharusi: hakuna anayeziingiza kwenye kilo 7, na hakuna anayekuja harusini na jinzi aliyosafiria.

Kwa basi kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hesabu ya kilo inakufa, hesabu ya mikono inabaki. Hakuna anayekupimia begi la kilo 7, lakini mpakani unashuka, unapanga foleni, unatembea na kila kitu chako katikati ya wabadilishaji pesa na vijana wanaotaka kukubebea hata usipotaka. Valizi moja kubwa yenye magurudumu mazuri, ikashikwa na mtu mmoja asiyeshika kitu kingine, inapita pale vizuri kuliko mabegi matano yaliyotawanyika kwa watu watano. Nimeona mama akihesabu mabegi yake huku mtoto ameshavuka upande wa pili.

Mwezi wa 12 tunakwenda Kitwe, kwa basi, harusini. Mvua itakuwa inanyesha, sare ni vitenge, na mama mkwe anakuja nasi. Valizi kubwa imeshashushwa kutoka juu ya kabati, na yeye mwenyewe ameshaifunga kitambaa chekundu.